Dagaa gani huyo? Tazameni kabla ya kufunga chambo

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi maji ya bamvua yakianza kujaa tutakuwa mlangoni mwa mto Pangani. Naombeni sana, kabla hamjachagua chambo cha manyoya, yaani cha bandia kinachoigiza dagaa, kamateni dagaa mmoja mumtazame kwa karibu. Kolekole, samaki tunayemfuata, akishaandama aina moja ya dagaa, nyingine huipita tu.

Dagaa mchele pua imetokeza mbele, mdomo uko chini yake, na taya linafika nyuma ya jicho. Ana mstari wa fedha ubavuni, lakini msiutegemee mstari peke yake! Wako samaki wadogo wengine wenye mstari huohuo. Hesabuni mapezi ya mgongoni: dagaa mchele ana moja, wale wana mawili yaliyoachana, na mdomo wao uko nchani.

Dagaa papa pitisheni kidole tumboni kuelekea kichwani, mtahisi kunakwaruza kama msumeno. Ubavu wake mpana, kwa hiyo chambo kiwe kipana pia. Chuchunge hahitaji maelezo, taya lake refu la chini lamtambulisha.

Kila mtu aje na kopo jeupe la kumtazamia dagaa, kisha tumrudishe majini akiwa hai.