Baba Zuhura, nakuhitaji na mashine yako ya kuchomelea kabla ya Agosti

Asalaam aleykum kaka,

Najua wewe umekaa kimya na mimi nimekaa kimya, hayo tuyaache. Shemeji hajambo? Watoto? Huku Columbus tuko salama, joto limeshaanza, mama Idrisa anakusalimu na anauliza kama ile bizari aliyompa Bi Mkubwa ilifika Indianapolis au imeliwa njiani.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Ile Chevelle yangu, ile Chevrolet ya zamani, imekaa sawa aisee, injini ni ileile V8 ya inchi za ujazo 327 ya 1968, ile ya nguvu za farasi (hp) 275, kabureta safi, moshi si wa bluu wala si mweusi, gia zote 4 zinaingia. Kilichobaki ni mabomba ya moshi tu na hapo ndo mimi na Baba Salma tunanuniana wiki nzima. Yeye anataka tufunge heda ndefu, yaani yale mabomba marefu ya kutoa moshi kwenye injini, tuweke X, kiungo cha kukutanisha bomba mbili, katikati, sailensa mbili, halafu bomba liishie palepale mbele ya ekseli ya nyuma likitazama chini, basi, kazi imekwisha na bei nafuu. Anasema V8 ya Mmarekani lazima mtaa mzima usikie. Mimi sikatai isikike, lakini bomba kuishia chini ya gari sikubali hata kidogo.

We unajua Idrisa anakaa siti ya nyuma. Gari ina zaidi ya miaka 50, sakafu imeshabandikwa viraka, raba ya buti imekakamaa, na gari likitembea hewa ya nyuma huwa inazunguka na kuvutwa ndani, ukifungua kioo ndo kabisa. Kaboni monoksaidi haina harufu kaka, mtoto anasinzia unadhani kachoka na safari kumbe anavuta sumu. Kwaiyo bomba lipite juu ya ekseli, lipite kati ya tangi la mafuta na tairi, litoke nje kabisa nyuma ya bampa. Baba Salma anasema kona nyingi zinapunguza nguvu. Nguvu gani? Hizo 275 zenyewe walizipima injini ikiwa kwenye stendi haijabeba mfumo mzima wa moshi wa kwenye gari, mpaka 1972 ndo viwanda vikahamia kutangaza nguvu za injini ikiwa imefungwa kila kitu. Mimi barabarani natafuta gari linalovuta vizuri kuanzia chini, sina mashindano na mtu.

Heda nazo nimeziangalia sana, sio kwamba nazidharau. Kwenye mzunguko mkubwa zinasaidia kweli. Lakini hii ni gari ya klachi, upande wa kushoto kuna ule mtambo wa kusukuma klachi na boksi la usukani, upande wa kulia kuna stata, heda ndefu inapita humohumo, stata inaokwa, unasimama sheli kujaza mafuta ukirudi injini ya moto haizunguki. Halafu zinaning'inia chini, matuta ya mtaa wetu unayajua. Nimeamua nafunga manifoldi za chuma cha kalibu zile za pembe za kondoo, za aina iliyokuwa kwenye Corvette, zenye mdomo wa inchi 2½. Zinashuka vizuri katikati ya injini, hazivuji ovyo, na joto haliruki huku na huku.

Ila sasa H, kile kipande cha kuvuka kinachounganisha bomba mbili. Hapa ndo nakuhitaji. X sitaki, inafanya sauti iwe juu na laini, mimi nataka ule mngurumo mzito wa zamani. Na najua kwanini H inahitajika, hizi V8 za Chevrolet silinda zake zinapiga kwa mfuatano wa 1-8-4-3-6-5-7-2, na silinda za namba shufwa ziko kulia, witiri kushoto, kwaiyo ukifuatisha utaona 8 na 4 zinafuatana upande mmoja wa kulia, halafu 5 na 7 zinafuatana kushoto. Moshi wa mapigo mawili unasukumana kwenye bomba moja kama watu wawili wanaogombea mlango wakati bomba la pili limelala. Ukiunganisha bomba mbili na kipande cha H presha inapata pa kupumulia, sauti inatulia, na nguvu ya chini inaongezeka kidogo.

Lakini ikae wapi? Wazee wa mashindano walikuwa wanapaka bomba rangi ya kawaida ya kupuliza, wanaunguruma na gari, halafu pale rangi inapoishia kuungua ndo wanakata na kuweka H. Nimependa sana hiyo. Tatizo kwenye Chevelle pale panapofaa panaweza kuangukia palepale kwenye krosimemba inayobeba gia boksi. Ukiweka mbele yake, siku ya kushusha gia boksi kubadilisha klachi unakata bomba upya. Ukiweka nyuma sana unakaribia sailensa na sijui kama itafanya kazi ileile. Mimi naona ikae nyuma tu ya krosimemba, tena na flenji au klampu ili itoke, Baba Salma anasema tuchomelee moja kwa moja tusipoteze muda. Hapana jamani. Kitu cha chini ya gari lazima kifunguke.

Na lingine, hili ndo linaniuma zaidi. Yule aliyekuwa na hii gari kabla alipeleka kwenye gereji moja huku, wakainyanyua kwa chasisi, ekseli ikaning'inia, wakapitisha bomba juu yake wakaona nafasi kubwa wakachomelea. Gari ikashuka chini, springi zikabeba uzito, ekseli ikapanda, bomba likawa linagonga kila shimo. Nilikuta alama kwenye bomba na kwenye ekseli, chuma kimeliwa. Kwaiyo nimeshasema safari hii gari itasimama kwa tairi zake, juu ya rampu, uzito wote uko chini. Tena nataka tuweke jeki chini ya difu tuipandishe mpaka ile raba ya kuzuia iguse chasisi, tuone bomba linabaki na nafasi gani, ndo tushike kwa vidoti vya kuchomelea. Vidoti tu. Tukishazunguka mara mbili mtaani tukasikiliza, ndo uchomelee zima. Na hanga ziwe za raba, injini ikivuta inajitikisa, bomba likibanwa ngangari litapasuka shingoni. Umeyaona hayo kule Chuda, Tanga, kwenye yale malori, unakumbuka, kila mwezi bomba lilelile.

Upande wa kulia pia kuna paipu ya petroli imelala kwenye chasisi, bomba lisiikaribie. Baba Salma anasema ataifunga kitambaa cha joto. Mimi nataka umbali kwanza, kitambaa baadaye.

Sailensa nimechukua zile zinazoitwa turbo (jina tu la aina ya sailensa), zinakaa chini ya sakafu mbele ya ekseli kama kiwandani. Naogopa tu ule mvumo wa bomba kwenye hayiwei, hii gari haina gia ya 5, ukienda mwendo wa kawaida injini iko kwenye mizunguko 2500 hivi kwa dakika, V8 inapiga mara 4 kila mzunguko, yaani kama mara 167 kwa sekunde, na bodi ya zamani inaitikia hiyo sauti mpaka kichwa kinauma. Kuna watu wanachomelea kibomba cha pembeni kilichozibwa mwisho kumeza hiyo sauti. Tusubiri tusikie kwanza.

Nia yangu ni twende nayo Woodward Dream Cruise, yale maonyesho ya magari ya zamani barabarani karibu na Detroit, Jumamosi ya tatu ya Agosti, mimi, wewe, Idrisa na Zuhura nyuma, hakuna anayeumwa kichwa, hakuna bomba linalogonga.

Sasa niambie, wikendi gani unaweza kuja? Ile mashine yako ya kuchomelea ya TIG inaingia kwenye buti au nitafute ya kukodi huku? Bomba nichukue chuma cha kawaida chenye alumini juu, au chuma cha pua cha 409, au ile 304 isiyoshikwa na sumaku, maana gari haitoki wakati wa chumvi ya barabarani ya msimu wa baridi? Kwa 327 niende na inchi 2½ mpaka nyuma, au baada ya sailensa tushuke 2¼ ipite vizuri juu ya ekseli? Kipande cha H nacho kipana kiasi gani? Kuna mtu Indianapolis anayekunja bomba kwa mandreli, kile chuma cha ndani kinachozuia bomba lisibapike, maana huku wanabinya tu kona zinakuwa bapa? Na Baba Salma utamwambia wewe au nimwambie mimi? Wewe anakusikiliza. Nipigie usiku hata saa 5, niko macho.

Wako,
Baba Idrisa