Kaka, kabla hujailipia hiyo bunduki ya FAL

Kaka mambo vipi,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya kwanza harakaharaka nimesimama, ya pili nikakaa chini kabisa maana niliona moyoni umeshaamua, umeitaja hiyo bunduki ya FAL mara sita kwenye ukurasa mmoja na hiyo picha uliyoiweka kwenye simu naamini unaiangalia kila usiku kabla ya kulala. Hongera kwanza kwa leseni ya bunduki, najua ulivyosotea hizo karatasi, na nimefurahi umeniuliza uinunue ipi kabla hujampa mtu hela. Ntakuambia ninayoyajua yote pamoja na yale ambayo hutopenda kuyasikia, we nivumilie tu.

Kwanza hujaniambia unaitakia kazi gani. Umeandika "bunduki kubwa ya kwanza" basi, ukaishia hapo. Nadhani unamaanisha inayopiga risasi ya 7.62 kwa 51, yaani kipenyo milimita 7.62 na ganda milimita 51, ambayo raia wanaijua kwa jina la .308 Winchester tangu 1952, na hapo nataka uwe makini manake watu wanaichanganya sana na 7.62 ya AK, ganda la AK lina milimita 39 na hili lina 51, ni vitu viwili tofauti kabisa havibadilishani. Risasi ya .308 yenye uzito wa karibu gramu 11 inatoka kwenye mtutu kwa mwendo wa mita 800 hivi kwa sekunde ikiwa na nguvu kama jouli 3,500, ile risasi ndogo ya 5.56 uliyoizoea nguvu yake ni kama nusu ya hapo. Bega lako litaijua hiyo tofauti siku ya kwanza tu.

Na hili la bega ndo nataka tulizungumze kwanza kabla ya jina la bunduki yoyote. Mi nilipohamia kwenye kubwa nilikuwa nimepiga ndogo miaka kadhaa na matundu yangu yalikuwa yanakaa pamoja vizuri, kwaiyo nikaenda nimejiamini. Mzee mmoja pale renji, uwanja wa kupigia shabaha, akaniazima G3 yake, bunduki kubwa ya Kijerumani. Magazini ya kwanza, yaani kile kisanduku cha risasi, matundu yakatawanyika karatasi nzima, mengine hayakuonekana kabisa. Nikasema saiti, vile vya kulengea, zimehama, alafu nikasema risasi mbovu. Mzee wala hakubishana na mimi, akachukua magazini akanigeuzia mgongo akajaza mwenyewe nisione, kumbe kachanganya na risasi bandia, hazina baruti wala fataki ile ya nyuma ya ganda inayowasha baruti. Nikapiga ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, ya tatu nikavuta triga ikatoa "ka" peke yake, na hapohapo nikauona mdomo wa mtutu umezama chini kama upana wa vidole vitatu, bega limeshasukuma mbele na macho yote mawili yamefumba. Bunduki haijapiga chochote ila mwili wangu umeshajihami. Yaani saiti zilikuwa sawa na risasi zilikuwa sawa, mi nilikuwa nashtuka kabla ya mlio na sikuwa najua, kwa sababu risasi ikiwa ya kweli lile teke linaficha kila kitu. Tulirudia hivyohivyo asubuhi nzima, akiongeza bandia akipunguza, mpaka ile "ka" ikaja mtutu umetulia palepale, na karatasi iliyofuata matundu matano yakaenea kwenye kiganja cha mkono.

Ndo maana nakuomba usinunue yoyote ambayo hujaipiga angalau magazini mbili, na ukiipiga uwe na mtu wa kukuchanganyia bandia. Bunduki ambayo inakufundisha kushtuka wiki ya kwanza itakuchukua miezi kuitoa hiyo tabia mwilini.

Haya sasa tuje kwenye FAL yako. Ni bunduki nzuri, sikatai, waliitengeneza kampuni ya FN kule Ubelgiji, mchoraji wake mkuu alikuwa Dieudonné Saive, na nchi zaidi ya 90 zimeitumia kwaiyo sio kitu cha kubahatisha. Inatumia pistoni ya gesi, yaani gesi ya risasi ndo inasukuma mitambo yake, na pale juu karibu na saiti ya mbele kuna ring'i ya kurekebisha gesi ambayo wengi wanaonunua hawaigusi kabisa, alafu wanalalamika inapiga teke sana. Unaifungua ring'i gesi nyingi itoke nje, unaweka risasi moja moja kwenye magazini, unapiga, unaifunga kidogo kidogo mpaka bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, iwe inabaki nyuma kila mara magazini ikiisha, alafu unaongeza klik mbili za kufunga kwa ajili ya uchafu na baridi. Hapo inakuwa mpole, teke lake linakuwa la kusukuma kuliko kugonga. Shida yake ya kwanza ni kwamba kuna FAL za vipimo vya metriki na za vipimo vya inchi, hizi za inchi ni kama zile L1A1 walizotumia Waingereza na Waaustralia, na magazini ya inchi haiingii kwenye ya metriki, kwaiyo kabla hujanunua rundo la magazini za bei chee hakikisha unajua bunduki yako ni ya aina gani. Shida ya pili ni darubini, kile kifuniko cha juu ni bati jembamba la kuteleza, ukitaka darubini itulie lazima ubadilishe uweke kifuniko kizito kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na hata hapo sio wote wanaridhika. Shida ya tatu nyingi zinazouzwa zimeunganishwa kutoka vipande vya bunduki za zamani za jeshi, na ubora unategemea aliyeunganisha alikuwa nani.

G3 na ndugu zake wa kiraia utazikuta pia, na zinavutia kwa sababu magazini zake mara nyingi zinapatikana kirahisi na yenyewe haichagui uchafu, haina pistoni wala bomba la gesi, bolti inacheleweshwa na roli mbili ndogo tu. Jeshi la Ujerumani Magharibi lilianza kuitumia 1959. Ila kwa mtu wa kwanza mi siipendekezi, nasema wazi. Teke lake ni kali kuliko FAL, bolti haibaki nyuma magazini ikiisha, mkono wa kukokia uko mbele kabisa juu ya mtutu na ni mgumu kweli, na maganda inayarusha mbali mno, utayafuata kwenye nyasi yakiwa yamebonyea ubavuni na yana mistari myeusi ya zile chaneli za kwenye chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa. Kama una mpango wa kuyajaza maganda upya mwenyewe baadae basi hayo maganda yatakukatisha tamaa.

M1A ni M14 ya kiraia, M14 yenyewe ni bunduki ya jeshi, Marekani waliichukua 1957. Saiti zake za chuma ni tamu kuliko zote nilizowahi kulengea, kile kitundu cha nyuma unakizungusha klik kwa klik kushoto kulia juu chini na kinakutii. Kama unapenda kulenga bila darubini na ungeniambia hivyo kwenye barua, ningekuambia kachukue hii tusiongee mengi. Ukitaka darubini ndo utateseka, inakaa juu sana, shavu linaelea hewani haligusi kitako mpaka uweke kijazio, na kifungio cha darubini kikiwa cha bei rahisi kitalegea tu. Alafu kitako cha mbao kikichakaa pale chuma kinapokalia, matundu yanaanza kuhama na wewe unadhani ni wewe.

Garand umeigusia kidogo, ni ya jeshi la Marekani ya 1936, inakula risasi ya .30-06, risasi nane kwenye klipu inayoruka nje ikiisha. Nzuri sana ya kuwa nayo, ila risasi nzito za kisasa zenye baruti inayoungua polepole zinaweza kupinda ile fimbo inayosukuma bolti, kwaiyo ulishaji wake una masharti. Iache iwe ya pili au ya tatu.

Iliyobaki ni familia ya AR-10, na hii hukuiandika kabisa kaka, sijui kwa nini, labda kwa sababu haina ile sura ya bunduki ya zamani. Eugene Stoner aliichora pale kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950 na ile AR-15 ndogo ilitokana na hii. Mara nyingi ni nyepesi kuliko nilizozitaja, darubini inakaa juu ya reli moja iliyonyooka bila ubishi, teke linarudi moja kwa moja nyuma kwa sababu kitako kiko usawa mmoja na mtutu, na wewe umeshazoea ndogo yake kwaiyo sefti, triga na magazini mikono yako inajua vilipo bila kufikiri. Kasoro yake kubwa hakuna kipimo kimoja cha wote, wengine wanafuata mtindo wa kampuni ya DPMS wengine wa ArmaLite, sehemu za huyu haziingii kwa yule, hata magazini, kwaiyo ukichagua mtindo unao huo huo mpaka mwisho. Na usichukue nyepesi kupita kiasi, wapo wanaojisifu ina kilo 3 tu, sasa kilo 3 na risasi ya jouli 3,500 ukipiga 40 asubuhi moja utaanza kushtuka tena kama mimi.

Sasa risasi, hapa ndo watu wengi wanaumia baada ya kununua. Kabla ya bunduki nenda kaulizie risasi zinazopatikana kwako kwa mwaka mzima, uzito gani na za nani, ununue bunduki inayokula hizo. Zile za zamani za jeshi zinazouzwa kwa maboksi, baadhi fataki zake zinaacha chumvi inayokula chuma, ukipiga hizo siku hiyohiyo usafishe kwa maji kwanza ndo ufuate na mafuta, usiseme ntasafisha kesho, mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Nyingine zina kiini cha chuma na renji nyingi haziruhusu, wanapitisha sumaku mezani kabla hujapiga. Na .308 ya dukani na 7.62 ya jeshi zinafanana kwa nje lakini chemba za kijeshi zinaruhusu nafasi ndefu kidogo kati ya bolti na ganda, na ganda la kibiashara mara nyingi ni jembamba, kwenye bunduki iliyochakaa linaweza kuchanika. Kwaiyo bunduki yoyote iliyotumika, uwe umeipenda vipi, ipeleke kwanza kwa fundi bunduki aiingizie vile vipimo vya chuma kwenye chemba apime hiyo nafasi, ni kazi ya dakika chache. Muuzaji akikataa isipimwe we ondoka.

Ukienda kuiangalia iliyotumika nenda na tochi. Toa magazini, vuta bolti, angalia chemba kwa jicho alafu ingiza kidole uguse, hata kama muuzaji ameshakuonyesha, fanya tena mwenyewe. Mulika ndani ya mtutu uone mistari iko wazi na hakuna vishimo vya kutu, angalia mdomoni pale mwisho kama hapajagongwa, maana risasi inaagana na bunduki hapo. Angalia na skrubu, zikiwa zimeliwa vichwa ujue kuna mtu alikuwa anajifunzia ufundi humo ndani.

Masikio usiyafanyie ubahili hata kidogo. Weka vya kuziba ndani na juu yake vaa vifuniko, vyote viwili, hasa kama mtutu una ile breki ya mbele, hiyo inapunguza teke kweli lakini mlio wote inaurudisha pembeni na nyuma, na mwenzako wa meza ya pili ndo anaumia. Mi sikio la kushoto linavuma usiku kwa sababu ya siku moja tu niliyosahau, na halijawahi kurudi lilivyokuwa.

Kwaiyo msimamo wangu ni huu. Kama unataka darubini na kupiga mita 200 na 300 kwa utulivu, chukua AR-10 yenye uzito wa kilo 4 hivi na mtutu wa inchi 18 au 20, ukumbuke tu ukiweka saiti sawa kwa mita 100 basi kwenye 300 risasi inakuwa imeshuka zaidi ya sentimita 35, hilo utajifunza kwa daftari lako mwenyewe. Kama moyo umekataa kabisa na ni FAL tu, sitakugombeza, ila iwe ya metriki, imepimwa chemba, na siku ya kwanza twende wote nikuonyeshe ile ring'i ya gesi. Risasi bandia sita ninazo ntakuja nazo, na magazini ntajaza mimi.

Kabla ya hapo nifanyie kitu kimoja. Kunja mkono wako wa kulia kiwiko kiwe pembe mraba, mtu akupimie kutoka pale ndani ya kiwiko mpaka kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada, uniandikie ni sentimita ngapi. We una mikono mirefu, na kitako cha FAL hakirefuki wala hakifupiki.

Msalimie mama na wadogo zako wote.

Ni mimi nduguyo.