Mheshimiwa, kisaa mnakiulizia, mama hamumuulizii

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,

Assalaamu alaykum. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua mbili nilizomwachia karani wako hazijajibiwa. Juzi nikapigiwa simu, nikafurahi, nikidhani mnamuulizia mama. Kumbe mnakiulizia kile kisaa cha kuhesabu hatua alichofungwa kwenye kifundo cha mguu: ati hakikurejeshwa.

Tafuteni vizuri. Kilivuliwa wodini, nesi akakitia kwenye droo mbele ya macho yangu.

Mama ana miaka 78. Aliingia kwenu na homa ya mapafu, lakini kwa miguu yake, bakora mkononi. Tukaambiwa anafungwa sensa ya mwendo. Maskini, akadhani sensa ya 2022 imerudi, akaanza kutaja majina ya wajukuu! Wewe mwenyewe ulikuwepo, ukacheka nasi. Ukatwambia wazee hospitalini hulala mno, na kwamba utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wazima, wasio na ugonjwa, siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Ukaahidi: kifaa kitahesabu hatua, na asiyetembea atanyanyuliwa atembezwe.

Mama alilala siku 12. Hatua zilihesabiwa, sina shaka, kompyuta ilikuwa ikiwaka. Wa kumnyanyua sikumuona. Nilipomshika mkono mwenyewe nimfikishe mlangoni, nikaamrishwa nimrudishe asije akaanguka. Sasa mlikuwa mkihesabu nini? Labda aliyefundishwa kuzisoma hizo namba kahamishiwa Unguja. Labda manesi wawili kwa wodi nzima hawatoshi. Nabuni tu, maana hakuna anayenambia.

Leo mama hasimami. Mimi muuza vitumbua, na jiko nimelizima tangu atoke. Kila akitaka chooni nambeba, na mgongo wangu nao umeanza kudai haki yake. Pencheni Jamii yake, ile ya wazee ya Serikali, yote inaishia kwenye gari ya kukodi kumleta kliniki, ambako hupimwa presha, basi.

Sikatai mitambo. Wafungeni wazee visaa hata viwili viwili. Ila awepo mtu, Mheshimiwa. Mtu mmoja tu, asubuhi na jioni, aitazame ile namba kisha aende kitandani aseme: bibi, nipe mkono, tufike dirishani.

Na mama apelekwe kwa mtaalamu wa viungo, kama mlivyoahidi siku ya kumtoa. Simu yangu mnayo. Mliipata mlipokitaka kisaa.

Mtoto wa mgonjwa,
Wete, Pemba