Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: malalamiko yasiyoandikwa

Mheshimiwa Gavana,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Nina duka dogo la uchapaji hapa Mwanza, naandika kuhusu shilingi 386,000.

Kichwa cha printa yangu kiliungua, nikakipata kwa bei hiyo kwenye duka la mtandaoni la nje. Nikaweka namba za kadi, ujumbe wa benki ukaingia: malipo yamefanikiwa. Ukurasa wa duka ukasema yamekataliwa. Nikajaribu tena, yakawa yale yale. Mara ya tatu benki yenyewe ikakataa, salio halitoshi. Kwenye akaunti nilianza na 1,100,000. Hesabu ni rahisi: mara mbili walishatenga 772,000, zikabaki 328,000. Nimeishiwa kwa hela yangu mwenyewe!

Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki hadi vocha ikakata. Kesho yake nikaenda tawini. Mhudumu, kijana mpole kweli, akageuza kioo cha kompyuta nione: "Kaka, huku imeenda. Muulize muuzaji." Muuzaji akajibu kwa barua pepe kwamba mfumo wake ulishindwa kuhakiki anwani yangu, hajachukua hata senti, niulize benki. Danadana, basi.

Nimeshaelewa kinachotokea. Kadi ikikubaliwa, benki haimpi muuzaji hela papo hapo. Inaitenga tu, ikimsubiri aje kuidai. Asipoidai, kizuizi hicho cha hela hujiondoa chenyewe, benki nyingine baada ya wiki, nyingine hata siku 30. Utaratibu wenyewe siugombi. Hoteli hutumia huo huo kushika dhamana ya chumba, na mimi kadi yangu imewahi kuokolewa na benki iliyokataa muamala wa ajabu usiku wa manane.

Ninachogomba ni hiki. Nilipomwomba yule kijana namba ya lalamiko, alisema hili si lalamiko, ni suala la kusubiri. Hakuandika chochote. Sasa Mheshimiwa, Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinanitaka nianzie kwa benki yangu kabla ya kuja kwenye dawati lenu la malalamiko. Nije na nini? Sina namba wala karatasi. Kwenye kumbukumbu za ofisi yako mtu kama mimi hayupo, na nina hakika hatuko wachache. Waulize tu vijana wanaolipia mitihani na programu za kompyuta kwa kadi.

Naomba uziagize benki ziandike kila mteja anayekuja na hela iliyozuiliwa, hata kama jibu ni kusubiri, na jibu hilo liwe na tarehe. Mfumo wao unajua kizuizi kinaisha lini. Muuzaji akithibitisha kwa maandishi kwamba hadai, sioni kwa nini benki isikiachie kizuizi mapema. Na ule ujumbe wa simu ubadilishwe: kutenga si kulipa, waandike "tumetenga".

Halafu kuna zile namba za kukataliwa. Muamala ukigoma, mashine hutoa sababu kwa tarakimu: 51 ni salio halitoshi, 54 kadi imeisha muda, 05 ni kukataliwa bila maelezo. Mteja huambiwa "mtandao unasumbua". Ningeambiwa mapema kwamba benki imekubali na aliyegoma ni muuzaji, nisingejaribu mara ya pili.

Kizuizi cha kwanza kiliondoka siku ya tisa, cha pili siku ya 23, bila ujumbe wowote. Niligundua nikiangalia salio la kulipia umeme. Kichwa cha printa nilishakiagiza Kariakoo, kwa mtu anayetaka taslimu, kikaja na basi.

Wako mtiifu,
Mchapaji, Mwanza