Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Utafiti kwanza, ndipo tuwasake wezi wa pesa za watoto

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha na Mipango ya Kiuchumi,
Jengo la Hazina, Harambee Avenue,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mukuru kwa Njenga, ambako ninajitolea katika kamati ya mtaa inayofuatilia maslahi ya familia zinazopokea pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wanyonge pesa taslimu, upande wa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu. Nina ombi moja. Katika bajeti ijayo, tenga fedha za kutafiti jinsi pesa za watoto hawa zinavyoibwa na ni hatua gani zinazouzuia wizi huo kweli. Zitengwe kabla serikali haijanunua mtambo mwingine wa kunasa wadanganyifu.

Mpango huu ulianza kwa majaribio mwaka 2004, kwa familia 500 za Nairobi, Kwale na Garissa. Siku hizi mlezi hulipwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Watafiti waliufuatilia kwa miaka kadhaa wakaonyesha, miongoni mwa mengine, kwamba vijana wa nyumba zilizolipwa walichelewa kuanza ngono kuliko wenzao wa nyumba ambazo hazikulipwa. Faida ya pesa hizi, basi, tumeipima kwa makini. Uvujaji wake sisi raia huusikia kwenye ripoti za ukaguzi, pesa zikiwa zimeshakwenda. Mkaguzi anaweza kukuonyesha kwamba jina la marehemu bado limo kwenye orodha. Kueleza limebaki humo kwa nini ni kazi ya mtu mwingine, na huyo mtu hajalipwa.

Nikupe mfano wa mtaani. Nyanya anayelea wajukuu anafariki, anasafirishwa kuzikwa ushago, na watoto wanabaki na shangazi yao kwenye chumba kilekile. Shangazi anaendelea kupokea pesa kwa jina la marehemu na kuwalisha watoto walewale. Kwenye kompyuta huyo ni mwizi. Pembeni yake yuko kijana anayewakata kina nyanya wasiojua kusoma shilingi 100 au 200 kila siku ya malipo, eti ni ada. Kompyuta haimwoni kabisa, kwa kuwa mpokeaji yu hai na kitambulisho ni chake. Na kuna familia hewa, ambayo haiwezi kuingia kwenye orodha bila mkono wa mtu mwenye nafasi. Mambo haya matatu yana dawa tatu tofauti. Ni lipi linalokula pesa nyingi zaidi? Swali hilo halijibiwi na mtu aliyekaa ofisini na orodha mkononi. Linataka watu wa kubisha hodi.

Majirani zetu Uganda walibisha hodi. Mwaka 1996 watafiti walizifuata pesa ambazo serikali ilikuwa ikizituma kwa shule za msingi, wakagundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilikuwa zikipata wastani wa asilimia 13 tu ya fungu lao. Kilichobaki kiliishia wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa, na shule zikatakiwa kukibandika ukutani. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya fungu ilikuwa ikifika. Wasomi bado wanabishana ni sehemu gani ya mafanikio hayo iliyotokana na magazeti, lakini bila utafiti ule wa kwanza hakuna ambaye angeijua ile 13.

Uholanzi walitangulia kukasirika. Mwaka 2013 vyombo vya habari vilifichua genge lililokuwa likitumia majina ya Wabulgaria kuchota ruzuku za serikali. Wabunge wakadai ukali, na idara ya kodi, inayolipa ruzuku ya malezi ya watoto wadogo, ikazidisha msako. Mzazi aliyesahau sahihi moja au risiti ndogo aliambiwa arudishe ruzuku ya mwaka mzima, na wengi wakadaiwa makumi ya maelfu ya yuro. Wenye uraia wa nchi mbili walichunguzwa zaidi ya wengine. Wazazi wapatao 26,000 walisingiziwa udanganyifu. Ndoa zikavunjika, nyumba zikapotea, na zaidi ya watoto 1,000 wa familia hizo wakaondolewa kwa wazazi wao. Serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021. Nikisoma habari hizi nawafikiria kina mama wa hapa, ambao vitambulisho vyao vina jina moja, kadi za kliniki za watoto zina jina lingine, na alama za vidole zimefutika kwa kufua nguo za watu.

Marekani nako kuna udanganyifu katika ruzuku za malezi. Hata hivyo, huko kila jimbo hulazimika, mara moja katika miaka mitatu, kukagua sampuli ya faili na kupima malipo yaliyofanywa kimakosa, na malipo ya kimakosa hayahesabiwi moja kwa moja kuwa wizi. Kipimo hicho cha kawaida kabisa ningependa tuwe nacho.

Utaniuliza pesa zitoke wapi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema Hazina ya Taifa ya Utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Sisi tunaomba chembe tu ya hizo. Kutotafiti nako kuna gharama: pesa za elimu ya msingi bila malipo zilipoibwa, Uingereza ilisitisha msaada wake Desemba 2009 na Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Walioumia walikuwa wanafunzi.

Watafiti wachague nyumba kwa bahati nasibu na waingie bila chifu wala sisi wanakamati, maana nasi tunapaswa kuchunguzwa. Katika baadhi ya mitaa majina na kiasi cha malipo visomwe barazani, katika mingine mlezi atumiwe ujumbe wa simu kwa Kiswahili, kisha matokeo yalinganishwe. Na mlezi yeyote asikatwe malipo kwa sababu ya alichomwambia mtafiti. Bila ahadi hiyo ya maandishi, yule shangazi hatafungua mlango.

Taarifa ya Sera ya Bajeti hupelekwa Bungeni kufikia tarehe 15 Februari. Tunaomba fungu hili lionekane humo, likiwa na kiasi chake, taasisi itakayolisimamia, na tarehe ambayo matokeo yatatolewa hadharani.

Wako mwaminifu,
Mjumbe wa kujitolea,
Mukuru kwa Njenga, Nairobi