"Chaja ni chaja tu": malalamiko kuhusu betri za AA mlizoniuzia

Mpiga picha za harusi,
Ngamiani, Tanga.

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Umeme,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: BETRI ZILIZOANDIKWA 3000, CHAJA ISIYOZIFAA NA MAIKI ILIYOUNGUA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Machi mwaka huu nilinunua dukani kwenu betri nane za AA za kuchaji, aina ya nikeli, zilizoandikwa 3000 (yaani mAh 3,000, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), pamoja na chaja yake, jumla Sh 68,000. Risiti ya mashine ninayo. Sikununua kwa kubahatisha. Flashi yangu inakula betri nne kwa mkupuo, na harusi moja ya ukumbini inaweza kumaliza seti mbili za betri za kutupa. Nilipopiga hesabu ya msimu mzima nikaona ninafanya kazi ya kuwatajirisha wauza betri. Ndiyo maana nilipofika kaunta nilimuuliza kijana wenu jambo moja tu: hii chaja inaendana na hizi betri? Akacheka, akasema, "Mzee, chaja ni chaja tu."

Nilizichaji mpaka taa ikawa ya kijani, nikaenda nazo kazini. Bibi harusi anaingia ukumbini, flashi ikawaka mara ya kwanza, ya pili, kisha ikaanza kutweta. Sekunde kumi, kumi na tano, bado haijawa tayari. Kufika kwenye keki nilikuwa napiga kwa mwanga wa taa za mapambo, nazo siku hiyo zilikuwa za zambarau. Mama wa bibi harusi hadi leo hajanisamehe kwa kumgeuza mwanawe bilinganya.

Jumatatu nilikwenda kwa jirani yangu sonara, nikamwomba mizani yake ya dhahabu. Betri yenu moja ina gramu 17. Tukapima na betri zangu za zamani za nikeli, za chapa ya Eneloop, ambazo shemeji aliniletea kutoka Muscat mwaka 2016: gramu 27. Sonara hajui lolote kuhusu betri, lakini alizitazama zote mbili akaniambia, "Hii yako mpya imechanganywa." Sikuweza kumbishia, kwa sababu nguvu ya betri ya nikeli inatokana na madini yaliyoshindiliwa ndani, na pasipo uzito hakuna madini.

Hata hivyo sikutaka kuwatuhumu kwa mizani ya sonara peke yake. Nikaenda kwa fundi redio mwenye mashine inayojaza betri, kisha kuimaliza polepole huku ikihesabu kilichotoka. Eneloop, ambayo ubavuni imejiandikia 1900 tu, ilitoa mAh 1,720 baada ya miaka yote hiyo. Yenu iliyoandikwa 3000 kwa herufi za dhahabu ilitoa 840. Tulizirudia zote nane. Iliyojitahidi kuliko wenzake ilifika 910. Ndugu Meneja, hata AA nzito za nikeli za viwanda vinavyoheshimika huishia kati ya 2,500 na 2,800 hivi. Ukiona 3000 na zaidi kwenye betri ya nikeli ya saizi hiyo, hapo aliyefanya kazi ni mchapa lebo.

Chaja nayo ina mambo yake. Nyuma imeandikwa kwamba inatoa 2.4V na mkondo wa mA 200 kwa kila jozi; mA ukizizidisha kwa saa unapata mAh. Kwenye boksi mmeandika kwamba inajaza betri kwa muda wa saa 4. Mimi hesabu nilisoma darasani, si chuoni, lakini 200 mara 4 ni 800. Kuijaza betri ya 3000 kwa chaja hiyo, hata kama hakuna chaji inayopotea njiani, ni saa 15, na kwa kuwa lazima ipotee, ni zaidi ya saa 20. Boksi moja, lebo mbili, na haziwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Kisha ile 2.4V, yaani 1.2V ya betri moja ya nikeli mara mbili, maana yake ni kwamba betri zinachajiwa mbilimbili, zimefungwa kwenye mstari mmoja kama ng'ombe wa jembe. Iliyochoka zaidi haifiki mwisho, na mwenzake aliyebakiwa na chaji anajazwa mpaka anaunguza vidole. Chaja nzuri hushika kila betri peke yake, ikaona volti zake zikishuka kidogo baada ya kujaa, ikakata. Hii yenu haijui kama betri imejaa. Taa ya kijani inawashwa na saa iliyomo ndani, na baada ya taa kubadilika umeme unaendelea kuingia. Fundi aliweka mita tukauona. Betri zisizolingana hivyo ukiziweka nne kwenye flashi, iliyo dhaifu inakwisha mapema na tatu zilizobaki zinaisukuma kinyume. Betri ya namna hiyo haiishi siku nyingi.

Nilipopiga simu, dada wa huduma kwa wateja aliniambia kosa ni langu, nimechaji kupita kiasi. Nikamuuliza, dada yangu, ningejuaje kama imejaa, na taa ni yenu? Baada ya wiki mbili za "tunalifanyia kazi", kijana yuleyule wa kaunta akanipigia: niongeze Sh 14,000, watanitumia kwa basi betri "zenye nguvu zaidi". Nikaongeza. Zikaja nne, saizi ileile, pini ileile, rangi ya bluu, zimeandikwa 14500 na 3.7V.

Hapa nakiri na mimi nina sehemu yangu. Ile 3.7V niliiona, nikashtuka, maana za nikeli zina 1.2V na za alkalini 1.5V. Nikampigia. Akasema, "Ndiyo nguvu yenyewe hiyo mzee, mpaka 14500! Saizi si inaingia? Weka." Kwa kuwa flashi ni mali yangu niliiogopea. Betri mbili nikampa rafiki yangu mshereheshaji, azijaribu kwenye maiki yake isiyo na waya. Maiki hiyo inatumia AA mbili, yaani volti 3. Betri zenu zikiwa zimejaa zina 4.2V kila moja. Mbili ni 8.4. Ilisema "Assalam aleikum" mara moja, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza. Haijasema tena.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba 14500 si nguvu ya kitu chochote. Ni kimo: unene wa milimita 14, urefu wa milimita 50. Ni betri ya lithiamu iliyozaliwa na umbo la AA, ina matumizi yake kwenye baadhi ya tochi, na haipaswi kuingia mahali pa AA ya kawaida ila mwenye kifaa awe ameruhusu. Zipo lithiamu za AA zenye saketi ndani ya kushusha volti hadi 1.5, hizo ni nyingine na zinakuja na utaratibu wake wa kuchaji. Mimi hamkuniletea hizo.

Tena hamkuleta chaja yake. Kijana aliniambia nitumie ileile ya kwanza. Chaja ya volti 2.4 kwa jozi haiwezi kujaza betri inayojaa kwa 4.2. Afadhali hapo inashindwa tu. Kinachoniogopesha ni kinyume chake, kwa sababu nilipopita dukani kwenu mwezi uliopita niliziona chaja za lithiamu na za nikeli zimetundikwa ndoano moja. Mtu akitia AA ya nikeli kwenye chaja inayotafuta 4.2V, betri haitafika huko hata siku moja. Itachemka, na inaweza kupasuka. Watu wanachaji usiku, kitandani, watoto wamelala.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie Sh 82,000 zangu zote. Mlipe Sh 45,000 alizotoza fundi kubadilisha saketi ya maiki, na kama haitapona, mlipe maiki. Hizo 14500 ziondoeni kwenye rafu ya AA, na yeyote anayesimama kaunta ajue kusoma volti kabla ya kumjibu mteja. Picha za zambarau sizidai, hizo nitazibeba mwenyewe.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, nitapeleka boksi, risiti na vipimo vya fundi kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na nitawaomba Shirika la Viwango wazitazame betri hizo.

Mzigo wenu nimeufunga tayari, nasubiri mnitajie nani ataupokea stendi. Betri za lithiamu nimezibandika utepe kwenye ncha zote mbili ili zisigusane njiani. Atakayefungua asiubandue mpaka amezitenga na chuma.

Wenu,
Mteja wa Machi, Ngamiani.

Nakala: mshereheshaji mwenye maiki.