Shukrani kwa dada wa fotokopi, Nyawera

Dada wa kibanda cha fotokopi pale Nyawera, Bukavu, jina lako sikuuliza, nisamehe. Jumatatu nilikuja kuchapisha insha yangu ya kwanza ya Kiingereza chuoni, imebaki saa moja niikabidhi. Umeme ukakatika. Ukawasha jenereta kwa kurasa mbili tu! Kisha ukachungulia karatasi: niliandika "actually" (yaani "kwa kweli") nikimaanisha "sasa hivi", kumbe "actuellement" ya Kifaransa, yenye maana hiyo ya "sasa hivi", ndiyo iliyoniponza. Ukachukua penseli, ukalizungushia neno, ukanionyesha na aya moja iliyobeba mawazo matatu, ukanirudisha kwenye kompyuta nirekebishe. Faranga ulizopokea ni za kurasa mbili. Zile zilizoharibika hukuzihesabu. Mnaopita Nyawera, kazi zenu mpelekeeni yeye.